Nyanya za Beno: ziuzwe shambani au ziende Ilala?

Kaka Beno (Ilula): Kamwene wote. Jamani nyanya zimeiva kwa pamoja, kama tenga 60 hivi, mnunuzi amekuja anasema 14,000 kwa tenga na anataka lumbesa, yaani lijazwe mpaka lipite ukingo. Mama Neema hapo Dar tenga mnanunua bei gani?

Mama Neema: Kamwene kaka. Jana soko la Ilala nimechukua 35,000

Kaka Beno: Mnaona sasa!! mimi nimelima, nimepiga dawa, mdudu kantangaze amenisumbua tangu miche, yeye anakuja na simu na hela ya mfukoni anaondoka na zaidi ya nusu. Huu ni wizi

Anko Festo: Beno mwanangu tulia kwanza tupige hesabu. Tenga tupu 3,000, nauli ya lori la fuso 5,000, kupakia na kushusha 1,000, ushuru 500, dalali wa sokoni 2,000. Hapo 14,000 yako imeshakuwa 25,500 na bado hatujahesabu zinazopondeka, maana mlima ule wa Kitonga na joto la Morogoro nyanya iliyoiva kabisa inafika Dar maji. Na hiyo 35,000 ni ya jana, zikiingia fuso nyingi alfajiri moja hiyo bei inashuka kabla jua halijachomoza na mzigo hauwezi kurudi Ilula, unauza tu

Mama Neema: Kweli anko. Hata mimi msinione nakula, tenga la 35,000 napanga mafungu, juu nzuri chini masalo zilizolainika, yale masalo nawauzia mama ntilie kwa bei ya kutupa. Siku ya mvua wateja hawatoki kesho yake zimelainika

Kaka Beno: Kwa hiyo nikubali tu 14?

Anko Festo: Sijasema ukubali. Mimi kwenye bei sigombani naye sana, nagomba na lumbesa. Matenga matano ya lumbesa ukiyasawazisha yanatoa sita. Wewe unahesabu umeuza 60, yeye anapakia 72. Hizo 12 hazijalipwa na mtu, na Ilala kila moja inauzwa kama zingine. Ukigawa vizuri tenga lako umeuza 11,600 na kitu, siyo 14

Dada Tumaini: Eeh!

Shangazi Tula: Hapo ndipo wanapotumaliza, na kwenye vitunguu ni hivyohivyo. Wakala wa Vipimo wanakataza lumbesa miaka nenda rudi lakini shambani hawapo, ukikataa peke yako mnunuzi anahamia kwa jirani

Kaka Beno: Ndo hivyo shangazi, jirani ana mkopo wa mbolea hawezi kusubiri

Dada Tumaini: Kaka samahani naongea kama mdogo wako, tatizo langu ni kwamba Ilula yote mnapanda mara moja mnavuna mara moja. Kiangazi kila mtu ana nyanya, na za Lushoto nazo zinashuka Dar hukohuko. Masika tenga linapanda mara mbili hata tatu lakini wachache ndio wanazo

Kaka Beno: Masika kuna ugonjwa wa bakajani mdogo wangu, mvua ikikaa siku mbili majani yanakuwa meusi shamba lote, dawa ya ukungu kila wiki na mvua inaiosha. Anayevuna masika ametoa hela nyingi sana na anaweza akakosa zote, ndo maana bei inapanda

Dada Tumaini: Nimekuelewa, ila robo eka tu? Siyo shamba zima. Na zile zingine upande kwa kupishana wiki tatu tatu, usiwe na tenga 60 siku moja, ukiwa na 15 unaweza kumwambia mtu hapana

Anko Festo: Hilo la kupishana naliunga mkono kabisa. Kwa sasa fanya hivi Beno. Zilizoiva nyekundu muuzie huyo, tenga la kusawazisha, hata akishuka 13 kubali, bado ni zaidi ya 14 ya lumbesa. Zilizoanza kugeuka rangi tu chuma 20 zije Dar, tafuta mwenzio anayepakia fuso mgawane nauli

Mama Neema: Mimi nachukua 5 mwenyewe na wenzangu wa genge hapa Mbagala nitawauliza, tukizigawa sisi kwa sisi hata dalali hatumpitii. Ila kaka usiniwekee ndogo chini kubwa juu

Kaka Beno: Siwezi kukufanyia hivyo dada. Ngoja nimpigie mwenye fuso

Kaka Beno: Mnunuzi amekubali 13,500 kusawazisha!! 40 zake. Fuso inaondoka kesho jioni

Mama Neema: Nitawapokea alfajiri Ilala. Nitumie namba ya dereva inbox siyo hapa

Shangazi Tula: Mungu awatangulie. Beno na mbegu za masika uanze kutafuta sasa hivi