Njia ya kwenda mtoni imezibwa kwa uzio: tunathibitishaje kuwa ni ya umma?

KingoWazi

Wakuu, naomba mwongozo. Kuna njia ya miguu inatoka barabarani, inapita katikati ya viwanja viwili vyenye hati, inashuka hadi ukingo wa mto. Watu huitumia kuteka maji, kunywesha ng'ombe na kuvua, na wazee wanasema ilikuwepo kabla viwanja havijapimwa. Mmiliki mpya wa kiwanja kimoja ameizungushia waya, anasema hati yake haitaji njia yoyote. Hoja yetu mpaka sasa ni kwamba mto ni wa umma na kingo zake zinalindwa na sheria. Je, inatosha? Kama haitoshi tuanzie wapi: ofisi ya ardhi, mahakamani, au tukusanye sahihi za wananchi?

MizaniYaArdhi

Haitoshi mkuu, na madai mengi ya namna hii hufia hapo hapo. Mto kuwa wa umma ni jambo moja, kuwa na haki ya kupita hadi mtoni ni jambo jingine. Kenya, Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Zote zinakusaidia ukishafika ukingoni. Kipande cha kutoka barabarani hadi hapo, ambacho ndicho kilichozibwa, hazikigusi. Kama waya umeshuka hadi ndani ya eneo la ukingo linalolindwa, hilo lilalamikieni kwa barua yake kwenye mamlaka ya mazingira. Msilichanganye na dai la njia, kwa sababu kila ofisi itawatupia nyingine.

Jiulizeni njia ilipata vipi uhalali. Huenda ilitengwa kwenye mchoro wa mipango au ramani ya upimaji wakati viwanja vinakatwa. Huenda mamlaka iliianzisha rasmi. Kwa Kenya, Tume ya Taifa ya Ardhi ina uwezo huo chini ya kifungu cha 143 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Au imetokana na watu kuitumia muda mrefu bila kuzuiwa. La kwanza ndilo jepesi kuthibitisha, lianzeni hilo. Na hoja ya jirani kwamba hati yake haitaji njia isiwatishe: njia iliyotengwa wakati wa upimaji iko nje ya kiwanja chake, haina sababu ya kuonekana kwenye hati yake.

Mkitegemea matumizi ya muda mrefu, muda ndio kila kitu. Uingereza, Sheria ya Barabara ya 1980, kifungu cha 31, inataka miaka 20 mfululizo, inayohesabiwa kurudi nyuma tangu siku haki ya kupita ilipopingwa. Kenya, kifungu cha 32 cha sheria ya ukomo wa mashauri (Sura ya 22) nacho kinataja miaka 20, lakini lazima iishie ndani ya miaka 2 kabla ya kesi kufunguliwa. Uzio ukisimama mkanyamaza, mnaipoteza haki mliyokuwa nayo. Kote huko matumizi yawe ya wazi, bila nguvu na bila ruhusa. Hilo la ruhusa wengi hawalijui: anayepita kwa hisani ya mwenye shamba hajengi haki, hata apite miaka 50.

BikoniNaKamba

Nitaongezea upande wa upimaji. Ofisi ya ardhi msiombe nakala ya hati ya jirani peke yake. Ombeni ramani ya upimaji ya viwanja vyote viwili pamoja na ile ya eneo zima. Kisha linganisheni vipimo: kama bikoni (alama za mipaka alizoweka mpimaji) za viwanja hivyo viwili haziko kwenye mstari mmoja wa mpaka, na kati yao kuna ukanda wa mita 3 au 6 usio na namba ya kiwanja, hiyo ndiyo njia yenu. Bikoni zikishaonekana ardhini, kazi imekwisha nusu. Zikiwa zimeng'olewa, mpimaji aliyesajiliwa anaweza kuzirudisha kwa vipimo vya awali. Msizirudishe wenyewe, kwani kugusa bikoni ni kosa.

Ramani za zamani za 1:50,000 na picha za anga zinaonyesha kwamba njia ilikuwepo mwaka fulani. Hazionyeshi kwamba ilikuwa ya umma, kwa hiyo zitumieni kuwaunga mkono mashahidi, zisisimame peke yake. Na kuna mtego mmoja mbaya: ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao ni mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, wakati simu inasoma WGS84, yaani mfumo wa GPS. Ukibandika namba za simu moja kwa moja kwenye ramani hiyo, njia inahama takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Wakili wa upande wa pili akiligundua hilo, ushahidi wote wa ramani unatiliwa shaka. Badilisheni mfumo kwanza, na kwenye kila namba andikeni ni ya mfumo gani.

Uwanjani, simu hukosea mita 3 hadi 5 penye uwazi, na zaidi chini ya miti. Kwa hiyo upana msiupime kwa simu. Tumieni futi ya kamba kila baada ya mita 20 na mahali popote njia inapobana, mkipima toka kitu kisichohama: mti mkubwa, nguzo, kona ya ukuta. Pigeni picha mkitazama pande zote mbili, futi ikiwa imelazwa kukatiza njia.

KingoWazi

Asanteni sana wakuu. Mashahidi tunao wengi. Je, tuandike tamko moja wote wasaini? Na je, tukimwandikia mmiliki kumwomba afungue kwa muda wakati tunafuatilia kuna ubaya?

MizaniYaArdhi

Tamko moja, hapana. Orodha ya sahihi 200 inaonyesha watu wanataka njia, haionyeshi kwamba waliitumia. Mashahidi 10 wenye maelezo yao binafsi wana uzito kuliko hizo sahihi. Kila mmoja aandike kwa maneno yake: alipita kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani, mara ngapi kwa wiki, kwa shughuli gani, kwa miguu au na mifugo, kama kulikuwa na geti au kibao, kama aliwahi kuzuiwa, na kama ni ndugu, mpangaji au kibarua wa mwenye ardhi. Kibarua alipita kwa sababu ya kazi yake, ushahidi wake ni dhaifu. Kila mmoja achore njia kwenye karatasi yake kabla hajaona mchoro wa mwenzake, kisha asaini na kuweka tarehe. Maelezo yakifanana neno kwa neno, hakimu anajua yametungwa. Tofauti ndogo za kumbukumbu si tatizo, tatizo ni mashahidi kuelezea njia tatu tofauti. Anzeni na wazee, maana ndio wanaokumbuka miaka ya mbali, na wakiondoka wanaondoka nayo.

Barua iandikeni, ila neno "tunaomba ruhusa" lisiwemo. Andikeni kwamba njia ni ya umma, imezibwa tarehe fulani, na mnamtaka aifungue ndani ya siku 14. Nakala iende serikali ya kijiji au mtaa na kwa mamlaka ya barabara ya eneo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Waya msiukate. Hata kama haki ni yenu, kesi ya uharibifu wa mali itatangulia kusikilizwa na nguvu zote zitaishia huko. Dawa yake ni zuio la muda kutoka mahakamani. Mkishinda, hakikisheni njia inaandikwa kwenye rejesta ya ardhi na kuchorwa kwenye ramani, la sivyo mnunuzi atakayefuata atawarudisha mlipoanzia.

MaporomokoSita

Jambo moja ambalo halijaguswa: mto unahama. Mkiandika kwamba njia inaishia kwenye namba fulani ya GPS, mto ukila ukingo kwa mita 10 namba hiyo itakuwa majini, na ukirudi nyuma mtabaki na njia inayoishia nchi kavu. Andikeni "hadi ukingo wa maji".

Pia angalieni mteremko. Njia ikishuka moja kwa moja, mvua huifanya korongo, watu wanakwepa pembeni, na mwenye shamba anapata hoja halali kwamba mnapanuka. Ishusheni kwa kukata mshazari, mita 1 ya kushuka kwa kila mita 6 za kwenda kama inapitisha ng'ombe, na wekeni mawe ya kuelekeza maji nje ya njia. Mkifyeka, fyekeni upana ule ule mliopima, na tunzeni picha na tarehe ya kila kazi: nazo ni ushahidi kwamba njia inatumika.