Msaada: kudiferenshieti (x² + 1)/(2x − 3), alama zangu ni kinyume na za kitabu

PCM_kidato_cha_tano
Wakuu habari. Nimeita u = x² + 1 na v = 2x − 3, kwa hiyo derivativu zake (fomula za mteremko wa kila moja) ni u′ = 2x na v′ = 2. Nikaandika:

y′ = (uv′ − vu′)/v²
= [2(x² + 1) − 2x(2x − 3)]/(2x − 3)²
= (−2x² + 6x + 2)/(2x − 3)²

Nyuma ya kitabu kuna (2x² − 6x − 2)/(2x − 3)². Nimerudia mara tatu, inatoka ileile. La pili: kwa nini tusigawe tu u′ kwa v′? Kwenye kujumlisha kila kimoja tunakidiferenshieti kivyake na jibu linakubali. Kuzidisha na kugawanya kuna nini?

chaki_nyeupe
Ungerudia hata mara kumi ingetoka hiyohiyo, maana mabano umeyafungua vizuri. Kosa liko kwenye fomula. Ni (vu′ − uv′)/v². Kwenye kuzidisha unajumlisha uv′ na vu′, kwa hiyo uanze na lipi hakuna tofauti. Kwenye kugawanya unatoa, na ukigeuza mpangilio, jibu zima linapinduka alama.

Ukiwa kwenye mtihani na huna uhakika nani anatangulia, ijaribu fomula kwa 1/x. Hapo u′ = 0 na v′ = 1, unapata (0 − 1)/x² = −1/x². Grafu ya 1/x inashuka, kwa hiyo hasi ndiyo sahihi. Ya kwako ingetoa chanya.

Jibu nalo lipime kwa kalkuleta. Kwa x = 2, y = 5. Kwa x = 2.001, y ni kama 4.994. Imeshuka 0.006 hivi ndani ya hatua ya 0.001, yaani mteremko ni karibu −6. Weka x = 2 kwenye jibu la kitabu: (8 − 12 − 2)/1 = −6. La kwako linasema +6.

kona_ya_mstatili
Nijibu la pili. Chora mstatili wa urefu 10 na upana 6, eneo 60. Urefu uongeze 0.1, upana uongeze 0.2. Eneo jipya ni 10.1 × 6.2 = 62.62. Hiyo 2.62 iliyoongezeka imetoka wapi? Ukanda mmoja ni 6 × 0.1 = 0.6, wa pili ni 10 × 0.2 = 2, na kwenye kona kuna kipande cha 0.1 × 0.2 = 0.02. Nyongeza zikizidi kuwa ndogo, kona inapotea haraka kuliko kanda, zinabaki kanda mbili: vu′ + uv′. Anayezidisha u′ kwa v′ ameishika kona na kuzitupa kanda.

Usione aibu, Leibniz mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa hesabu hizi, mwaka 1675 alijiuliza swali hilohilo kwenye maandishi yake kabla ya kuona kwamba haiwezekani. Mfano mdogo kabisa unatosha: x · x ingetoa 1 · 1 = 1, na sote tunajua x² inatoa 2x.

Kugawanya kunatoka humohumo. Kama y = u/v, basi u = yv, na u′ = y′v + yv′. Hamisha: y′ = (u′ − yv′)/v. Badala ya y weka u/v, kisha zidisha juu na chini kwa v. Alama ya kutoa imezaliwa pale yv′ ilipovuka upande wa pili, ndiyo maana v′ ndiyo inayobeba hasi.

PCM_kidato_cha_tano
Hiyo ya kona nimeielewa, asante mkuu. Sasa x³(2x + 1)⁵ nimepata 3x²(2x + 1)⁵ + 5x³(2x + 1)⁴. Sawa?

chaki_nyeupe
Karibu. Kipeo umekishusha lakini ndani ya mabano hukugusa: derivativu ya 2x + 1 ni 2, kwa hiyo kipande cha pili ni 10x³(2x + 1)⁴. Usifungue mabano ya kipeo cha tano, utajitesa bure. Toa vigawo vya shirika:

x²(2x + 1)⁴[3(2x + 1) + 10x] = x²(2x + 1)⁴(16x + 3)

Wakikuuliza y′ ni sifuri wapi, unasoma tu: x = 0, −1/2, −3/16.

kona_ya_mstatili
Niongeze, maana makosa haya hutembea pamoja. Kwenye swali lako la kwanza usikate (2x − 3) ya juu na ya chini. Juu imo kwenye kipande kimoja tu, kingine hakina. Kigawo kinakatwa kikiwa kwenye vipande vyote. Na asili (sehemu ya chini) ikiwa ni ya kipande kimoja, gawa kwanza. (x³ + 4x)/x² ni x + 4x⁻¹, derivativu yake 1 − 4/x², mstari mmoja. Kwa fomula ya kugawanya unafika palepale kupitia (x⁴ − 4x²)/x⁴, ila njiani kuna nafasi tatu za kupoteza alama.