Kadi za Clemente: moja ya 1955 iliyochakaa, au nyingi za miaka ya baadaye?

Mpiga_Gongo21

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo kabla sijatoa hela.

Niko Pittsburgh mwaka wa tisa sasa. Nilikuja sijui besiboli hata chembe, naona tu watu wazima wanapiga mpira halafu wanakimbia kurudi walikotoka. Kazini kuna mzee wa Puerto Rico, ndiye aliyenipeleka uwanja wa PNC Park akanionyesha ukuta wa upande wa kulia: futi 21 kwenda juu, kwa heshima ya jezi namba 21 ya mchezaji Roberto Clemente. Tukarudi kwa miguu kupitia daraja lenye jina lake. Usiku ule nikasoma habari zake mpaka saa nane. Misimu 18 na Pirates, timu ya mji huu, mipigo 3,000 kamili, ule wa 3,000 akiupata Septemba 30, 1972. Miezi mitatu baadaye, mkesha wa mwaka mpya, akapanda ndege iliyobeba misaada ya waliopatwa na tetemeko Nicaragua. Ikaanguka baharini karibu na San Juan. Mwili wake haukupatikana.

Basi nimenasa. Nataka kadi zake za Topps, kampuni inayochapa kadi za besiboli, za enzi zake, si hizi mpya zinazong'aa. Ukihesabu ile ya kawaida ya kila mwaka, 1955 mpaka 1973, ziko 19. Nimedunduliza mwaka na nusu na pesa inatosha jambo moja tu. Ama ninunue ile ya kwanza, 1955 namba 164, ikiwa imechoka choka, na mfuko ubaki mtupu. Ama nianze kukusanya zote 19 za hali ya kati, moja moja. Ama nichukue mbili tatu za miaka ya mwisho zilizo safi kabisa, gredi 8 kati ya 10, ndani ya kasha la PSA au SGC, kampuni zinazopima hali ya kadi na kuipa gredi.

Nyie mngefanyaje?

KadiKuukuu

Mkuu, 1955 bila kufikiri mara mbili. Hizi nyingine zitakusubiri, ile haitakusubiri. Mimi nilisema "mwaka ujao" miaka minne mfululizo, na kila mwaka ujao nilikuta imenipita tena.

Ila usinunue namba iliyoandikwa kwenye kasha, nunua kadi yenyewe. Gredi 1 ni gredi 1 kwa sababu nyingi. Kuna iliyopata 1 kwa kuwa mtu aliibandika kwenye albamu na karatasi ya nyuma ikachunika, lakini usoni rangi zimekaa vizuri na sura iko wazi. Kuna nyingine ina 3 ila picha imekatwa upande, mpaka wa kushoto mnene, wa kulia haupo. Mimi nachukua ile ya kwanza na chenji naweka mfukoni. Ukiitundika mezani nani atageuza nyuma?

Binti_Mji_Mkongwe

Kaka Kuukuu, nageuza mimi. Nyuma ndiko kuliko na takwimu na vikatuni, nusu ya raha iko huko.

Mpiga Gongo, mimi nasema mfululizo. Kwa hela ya 1955 moja iliyochakaa unaweza kupata kama kumi za kuanzia katikati ya miaka ya 60, hali ya kati, na bado ukabaki na nauli. Halafu ukizipanga unaona mtu anakua: kijana mwembamba wa mwanzo, kisha bingwa wa 1960, kisha mchezaji bora wa ligi wa 1966, kisha yule wa fainali za 1971.

Lakini usidhani zote zinapanda bei kwa mpangilio wa miaka. 1963, namba 540, itakutoa jasho kuliko nyingi zilizoitangulia. Topps walikuwa wakitoa kadi kwa mafungu msimu mzima, namba ndogo majira ya kuchipua, namba kubwa mwisho wa kiangazi. Ikifika mwisho wa kiangazi watoto wameshahamia futiboli ya Kimarekani na wenye maduka hawaagizi tena nyingi. Kwa hiyo fungu la mwisho lilichapwa chache. Ile ya 1962 ina mpaka wa mchoro wa mbao, ikiguswa tu inabanduka pembeni. Safi ni adimu, na yenye pembe laini inatosha kabisa.

Bukavu_hadi_Erie

Niulize jambo la kijinga. Nilinunua moja ya 1966, nyuma ina doa la kahawia kama mafuta. Ni uchafu wa nini?

KadiKuukuu

Bigijii hiyo, ndugu yangu! Pakiti ilikuwa na kadi na bapa la bigijii, na kadi iliyolala jirani yake ilipata doa. Usiifute na chochote.

Lenzi_Mkononi

Nimesoma kimya, lakini hapa lazima niseme. Mkimshauri mtu anunue 1955, mwambieni pia jinsi ya kutouziwa mbuzi kwenye gunia.

Yangu ya kwanza nilinunua gulioni, nje ya kasha, muuzaji mzee mpole kweli kweli, akaniambia ilikuwa ya kaka yake. Ilikuwa kopi. Nimekaa nayo mwaka mzima nikiwaonyesha wageni. Siku nilipoazima kikuza picha cha mara kumi ndipo nikaona: hata herufi nyeusi za jina zilikuwa vidoti vidoti. Kwenye kadi halisi picha ndiyo yenye vidoti, maandishi na mistari ni wino mzito uliojaa. Mtu akipiga picha ya kadi na kuichapa upya, kila kitu kinageuka vidoti. Pia Topps wenyewe walichapa upya kadi za Clemente mwaka 1998, hizo ni halali na nzuri, ila si za 1955, na wapo wanaozisugua zionekane kuukuu.

La pili ni vipimo. Za 1955 na 1956 ni kubwa, inchi 2⅝ kwa 3¾. Kuanzia 1957 ni 2½ kwa 3½. Kadi yenye pembe kali kama wembe huku uso wake umezeeka, ipime. Kuna watu wanakata kingo zilizolika ili ionekane mpya. Ikifika kwa wapima gredi inarudi bila namba, imeandikwa tu ni halisi ila imechezewa, na thamani imeporomoka.

Kwa hiyo ya 1955 nunua ndani ya kasha, na namba ya kasha uihakiki kwenye tovuti ya kampuni. Za miaka ya 70 unaweza kujaribu nje ya kasha, hasara yake inavumilika. Isipokuwa 1971! Mipaka yake ni myeusi, kila mchubuko unaonekana mweupe, na wajanja wanapaka kalamu ya wino. Iinamishe kwenye taa, wino wa kalamu unang'aa tofauti. Kisha tazama ubavu wa kadi: panatakiwa paonekane karatasi tupu. Ukiona weusi umeingia ubavuni, achana nayo.

Mpiga_Gongo21

Asanteni sana. Lenzi, umenitisha na kunisaidia kwa pamoja.

Kuna kitu kinanisumbua. Nimeangalia picha za kadi za miaka ya 60, jina limeandikwa "Bob Clemente". Ni mtu mwingine?

Binti_Mji_Mkongwe

Ni yeye yule. Hicho ndicho kidonda chenyewe. Waandishi na watangazaji wa enzi hizo walimwita Bob au Bobby ili awe rahisi midomoni mwao, na Topps wakafuata. Yeye hakulipenda jina hilo, alisema wazi anaitwa Roberto. 1955 na 1956 waliandika Roberto. Miaka ya 60 yote, mpaka 1969, ni Bob. Jina lake likarudi 1970, zikiwa zimebaki kadi nne tu.

Mimi nina za Bob pia na sizitupi, historia ni historia. Ila nikizitazama nakumbuka mwalimu wangu wa kwanza hapa ughaibuni, alivyonifupishia jina bila kuniuliza.

Bukavu_hadi_Erie

Mimi kazini naitwa "Manny". Jina langu halina hata herufi M.

Mpiga_Gongo21

Basi nadhani nimepata njia ya nne. Nianze na zile za Roberto tu: 1970, 1971, 1972, 1973. Baadaye 1956, na 1955 siku Mungu akijalia. Za Bob zije mwishoni kama zitakuja.

KadiKuukuu

Bado nasema 1955 itakukimbia. Lakini sababu yako nimeielewa, siibishii. 1970 namba 350 anza nayo, mpaka wake ni wa kijivu, unaficha uzee vizuri, utapata nzuri kwa bei ya kawaida. Gredi 5 au 6 zinatosha, usilipie 8. Na ukizileta nyumbani, mfuko laini kwanza, kisha kasha gumu. Albamu za zamani za PVC ziweke mbali, zinatoa mafuta.

Mpiga_Gongo21 (wiki tano baadaye)

Mrejesho wakuu. 1970 ipo. Juzi imefika 1972, namba 309, ile yenye rangi za vurugu, Clemente anautazama mpira aliourusha juu. Ina mkunjo mdogo pembe ya chini, sijali.

Niliipeleka kazini. Yule mzee akaishika kwa kingo, akaigeuza, akaanza kunisomea takwimu za nyuma kwa sauti, mwaka baada ya mwaka, kwa Kihispania. Muda wa chakula ukaisha na mimi sijala.

Imebaki 1971 na 1973. Lenzi, nimeiona moja ya 1971 mnadani, nakutumia picha za ubavu leo usiku kabla sijaweka bei.