Wakuu, nataka kuvuta BMW 320i E90 ya 2007, nishaurini kabla sijatoa hela

Kijana_wa_Gia
Habari zenu wakuu. Kuna jamaa anauza BMW 320i ya 2007, ile sedani ya kizazi kinachoitwa E90, otomatiki, kilometa inasoma 118,000, ndani safi kabisa, rangi haina hata mkwaruzo. Bei yake iko sawa na kagari kadogo ka Kijapani ka miaka ya karibuni na hapo ndo akili inanigawanyika, mke anasema chukua Mjapani ulale usingizi, mimi roho inataka ile sedani maana nimeiota tangu niko shule. Nilienda kuiona jana mchana, nikaendesha kama dakika kumi hivi, imetulia balaa. Nina hela ya kununua, ya ziada ipo kidogo tu. Niingie au nikimbie?

Mzee wa Spana
Hiyo hela ya ziada kidogo ndo ilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza mkuu. Gari ya mzungu iliyozeeka bei yake inashuka, spea zake hazishuki. Hiyo ilikuwa gari ya mwenye nazo ilipokuwa mpya na bado inakula kama gari ya mwenye nazo, tofauti ni kwamba sasa inaendeshwa na mimi na wewe 😂

Tuje kwenye injini. 320i ya mwaka huo nyingi ni N46, silinda 4. Ugonjwa wake mkubwa ni sili za valvu, vile viraba vya kuzuia oili isiingie kwenye silinda, zinakauka zikawa ngumu, oili inapenya inaungua. Utaijua hivi: iache isimame inanguruma yenyewe dakika kama kumi bila kugusa mafuta, halafu mtu mmoja akanyage mwingine asimame nyuma aangalie bomba la moshi. Ukitoka moshi wa bluu, shukuru uondoke. Wewe umeendesha dakika kumi mfululizo, hapo huwezi kuona kitu.

dadaTorque
Naongezea kwa Mzee, mwambie fundi apige tochi nyuma ya injini upande wa kioo cha mbele, pale kuna pampu ya vakyum, ile inayosaidia breki, inavuja oili, na gaskiti ya kava la juu nayo inavuja, oili inadondokea kwenye bomba la moshi unaanza kusikia harufu ya kuungua ukiwa kwenye foleni. Na ukikuta injini imeoshwa inang'aa kama sahani usifurahi, jiulize walikuwa wanafuta nini.

Kijana_wa_Gia
dadaTorque mbona imeoshwa 😐

Mtu_wa_Mjapani
Kijana sikiliza shemeji yetu, nyumbani kuna amani. Mimi nilishawahi kuwa na sedani ya mzungu, jina silitaji nisije nikaanzisha vita humu, mwaka mmoja tu nilijuana na mafundi watatu na kila mmoja alikuwa anamtukana aliyemtangulia. Taa ya injini ikiwaka wa kwanza anasema sensa, tunabadilisha, inazima siku mbili inarudi, wa pili anasema koili, wa tatu ndo akakuta bomba la hewa limepasuka, kamfereji tu ka raba! Nilikuwa nimeshabadilisha vitu vinne vizima.

E90_Damu
Hilo ni tatizo la fundi wa kubahatisha, gari unaionea bure. Mimi natembelea E90 mwaka wa sita huu. Sifuati ile kompyuta inayokuambia oili mpaka kilometa 25,000, namwaga kila 8,000. Nina kaskana kangu ka kuchomeka kwenye gari, nasoma kodi za hitilafu mwenyewe kabla sijaenda kwa mtu yeyote. Spea sinunui kwa kusema "nipe ya E90", natumia herufi na namba 7 za mwisho za chesisi, maana gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na kifaa tofauti. Betri ukibadilisha lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, usiposajili inaendelea kuichaji kama ile kuukuu na mpya inakufa mapema.

Ila na mimi nakushauri uiache hiyo, tafuta 325i yenye N52, silinda 6. Pampu yake ya maji ni ya umeme na inakufa bila kuaga, kwa hiyo unaibadilisha pamoja na thamostati kabla haijakuzimikia. Haina stiki ya kupimia oili, unasoma kwenye dashibodi. Zaidi ya hapo ni injini ya kiume.

Mzee wa Spana
E90_Damu mtoto hana hela ya ziada we unamwongezea silinda mbili 😂😂 Kijana, uliza na oili ya gia boksi. Muuzaji akikuambia "hii haibadilishwagi, ni ya maisha", mwambie hata ZF wanaotengeneza baadhi ya hizo gia boksi wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Yako iko palepale. Omba risiti. Asiye na risiti hesabu kwamba hakuna kilichofanyika, halafu toa hiyo gharama kwenye bei yake.

Kijana_wa_Gia
Nimempigia. Risiti hana, anasema zilikuwa kwa mwenye gari wa kwanza. Nimemwambia kesho nakuja na fundi saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaiwasha, akaniuliza kwa nini mapema hivyo.

dadaTorque
Hahaha swali zuri hilo. Ukifika salimia, halafu weka mkono juu ya boneti kabla ya kitu kingine chochote. Cheni ya taimingi ikiwa imelegea utaisikia ikichakacha zile sekunde za kwanza injini ikiwa ya baridi. Miongozo yake ni ya plastiki, ikizeeka inakatika vipande vinaangukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikishapata moto kelele nyingi zinajificha.

Kijana_wa_Gia
Wakuu nimefika saa kumi na mbili kasorobo. Boneti ya moto. Anasema aliisogeza tu kidogo kupisha gari ya jirani.

Mzee wa Spana
Alisogeza mpaka wapi, mpaka mpakani?

Kijana_wa_Gia
😂 Fundi wangu hata boksi la spana hakufungua. Tupo kwenye basi tunarudi. E90_Damu, hiyo pampu ya umeme ya 325i bei yake ikoje?

Mtu_wa_Mjapani
Huyu hajapona.