Siam Society ya Bangkok wanawezaje? Kikundi chetu cha Kisumu kinazimika

Katibu wa Kondele
Wadau, hamjambo. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha utamaduni hapa Kisumu. Tunaita nyanya wawatolee watoto sigana, zile hadithi za Kijaluo, kuna mzee wa nyatiti, ala yetu ya nyuzi, anatoka Siaya, na mara mojamoja tunaenda Makumbusho ya Kisumu kuona lile boma la Kijaluo. Shida ni hii: siku ya fulana na soda ukumbi unajaa hadi nje. Siku hakuna kitu, tunabaki viongozi, mzee na mtoto wa mlinzi.

Sasa nimesoma kuhusu Siam Society, chama cha wasomi kule Thailand kinachotunza utamaduni wao kwa mihadhara, muziki na safari za kutembelea maeneo ya kale. Kipo tangu 1904! Sisi bado wachanga na tayari mweka hazina hashiki simu. Kuna mtu amefika huko? Wanalipisha? Mtu wa kawaida wanamvutaje?

Mwalimu wa Milimani
Katibu dada yangu, nimefika. Nilifundisha Bangkok kabla ya kurudi nyumbani. Wako Asok, barabara ya magari mtindo mmoja, lakini ukiingia getini ni miti, maktaba, ukumbi, na Nyumba ya Kamthieng. Hiyo ndiyo iliyonishika. Ni nyumba ya msaji iliyoinuliwa juu ya nguzo. Ilijengwa katikati ya karne ya 19 kando ya mto Ping, Chiang Mai, kaskazini mwa nchi. Familia iliitoa kwa chama, ikafunguliwa ubao kwa ubao, ikasimamishwa tena Bangkok miaka ya 1960.

Juu ya mlango wa chumba cha kulala kuna ubao uliochongwa. Watu wa kaskazini wanauita ham yon. Waliamini umebeba nguvu za mwenye nyumba, kiasi kwamba nyumba ikiuzwa, mnunuzi aliupiga kwanza ili nguvu za yule wa awali ziishe. Nilisimama pale nikawaza osuri yetu, ule mti unaochomoza juu ya paa la mwenye boma, ambao akifa huondolewa. Hebu niambie ni vijana wangapi Kondele wanajua hilo.

Pesa: kuna ada ya mwanachama, na enzi zangu asiye mwanachama alitoa kitu mlangoni. Safari unajilipia. Fulana sikuziona. Ila siri yao, kwa maoni yangu, ni jarida. Wamelichapisha tangu huo mwaka wa 1904, na matoleo ya zamani unayasoma bure kwenye intaneti. Mtu akichimbua jambo, linaandikwa, na wajukuu wanalikuta. Mzee wenu wa nyatiti ameshasema mangapi, na nani ameandika?

Bodaboda Msomi
Mwalimu, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hao walianza na mwana wa mfalme, Vajiravudh, kama mlezi wao, na mabalozi na wazungu wa serikalini wakiwa ndani. Sisi mlezi wetu ni mheshimiwa aliyekuja mara moja, akapiga picha na nyatiti akiwa ameishika kichwa chini, akaenda.

Mwalimu wa Milimani
Ni kweli, pesa na vyeo walikuwa navyo. Lakini angalia Damrong: ndugu wa mfalme, waziri wa mambo ya ndani, na bado toleo la kwanza la jarida lina makala yake kuhusu kuanzishwa kwa Ayutthaya, mji mkuu wao wa zamani. Aliketi akaandika. Mheshimiwa wenu mpeni kalamu tuone.

Shemeji wa Khayega
Huku kwetu isukuti, ngoma ya Waluhya, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Tulifurahi, lakini orodha haipigi ngoma. Matanga yakitokea, hapo ndipo wapigaji huonekana, na watu hujaa bila kuahidiwa soda. Kwani lazima muwe ukumbini? Mpelekeni mzee Dunga, ufuoni mwa ziwa, siku ya Jumapili, watu wakiwa wanangoja samaki wao wakaangwe.

Katibu wa Kondele
Asanteni. Dunga nimeipenda. Ya kuandika pia nimeikubali, tutaanza na osuri maana mzee ana mengi juu yake, na binti yangu atarekodi kwa simu kisha tuandike kwa Kijaluo na Kiswahili pamoja. Ada nitaileta kwenye mkutano, najua kutakuwa na kelele. Shemeji, wapigaji wa isukuti mnawalipaje?

Shemeji wa Khayega
Chakula kwanza. Bei mtaelewana wakishashiba.

Bodaboda Msomi
Mzee nitamtoa stendi hadi Dunga bure. Nyatiti ashike mwenyewe.