Ukoo wa Bibi: mbizi ya Jumamosi

Rehema: Shikamooni wakubwa. Intaneti ya huku inakuja na kuondoka, nikipotea msishtuke. Tumetoka majini sasa hivi, nywele bado zinachuruzika.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Juma mbona kimya?

Juma: Nipo Bibi, shikamoo. Nilikuwa nasuuza vifaa. Ukitoka baharini kila kitu kinatumbukizwa kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi inakula vali.

Mama Mdogo: Picha ziko wapi? Mmetuahidi picha tangu juzi.

Rehema: Zote zimetoka buluu, Mama Mdogo. Kule chini wekundu ndio rangi ya kwanza kupotea. Juma alijikwaruza kidole, damu ikaonekana kijani.

Bibi: Damu KIJANI?

Juma: Mkwaruzo tu Bibi, nikifika juu ni nyekundu kama ya kila mtu 😂

Mjomba Salim: Alijikwaruza wapi? Usiniambie alishika matumbawe.

Juma: 🙈 Mkondo ulinisukuma Mjomba.

Mjomba Salim: Mkondo hauna mikono. Tumbawe gumu linakua milimita chache kwa mwaka, unalivunja kwa sekunde. Na wewe kidonda chake hakiponi upesi. Kisafishe vizuri, ukione.

Rehema: Ila jamani leo nimemwona kasa, yule ng'amba! Alikuwa anang'oa sifongo kwenye mwamba, anavuta kwa mdomo huku kajikaza kwa mapezi ya mbele. Vipande vinaruka, na vijisamaki viko nyuma yake vinasubiri makombo. Hakutujali hata kidogo. Nilikuwa karibu mpaka nikaona macho yake yanavyofumba kila aking'ata.

Mama Mdogo: Mashaallah 😍

Bibi: Na masikio yenu? Mimi nikitumbukiza kichwa tu yanauma.

Rehema: Unabana pua unapuliza taratibu, Bibi. Unaanza mapema kabla hayajauma, kila baada ya mita moja hivi. Yakikataa unapanda kidogo, unajaribu tena. Mwenzetu mmoja ana mafua, mwalimu kamkatalia kabisa kushuka. Anashinda kwenye kitanda cha kamba ananuna.

Bibi: Mungu angetaka tupumue majini angetupa mashavu ya samaki.

Mjomba Salim: Aliwapa Wafaransa akili badala yake, Mama. Mwaka 1943 Cousteau na Gagnan walitengeneza kile kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa pale tu unapoivuta. Ndicho hicho wajukuu zako wanachokitafuna.

Bibi: 👍

Juma: Bibi, huku usije ukatoa hiyo! Chini ya maji dole gumba juu ni "tupande". Mtu akiwa sawa anafanya duara kwa kidole gumba na cha shahada. Siku ya kwanza nilimfurahia mwalimu kwa dole, akanishika mkono akaanza kunipandisha 😂

Juma: Halafu habari njema. Jumamosi asubuhi boti inakwenda kwenye ule ukuta wa matumbawe, mita 30. Nafasi zilikuwa mbili, nimetuandikisha.

Mjomba Salim: Jumamosi hii? Si ndiyo siku ya kurudi?

Rehema: Ndiyo. Ndege saa mbili usiku.

Mjomba Salim: Na mtatoka majini saa ngapi?

Juma: Saa nne asubuhi. Muda upo tele Mjomba, mizigo tutafunga usiku wa Ijumaa.

Mjomba Salim: Sizungumzii mizigo. Hapo ni saa 10 tu. Mkizamia siku mfululizo, mnapumzika angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wengi husema 24 kabisa.

Mama Mdogo: Kwa nini Kaka? Kwani ndege na bahari vinahusiana nini?

Mjomba Salim: Hewa ya mtungini sehemu kubwa ni naitrojeni. Ukiwa chini shinikizo linaisukuma iingie kwenye damu na nyama za mwili. Mita 10 tu shinikizo limeshakuwa mara mbili ya juu. Ukitoka, inahitaji saa nyingi kutoka polepole kwa pumzi. Sasa wewe unakwenda kukaa kwenye ndege, ambamo hewa ni nyepesi kama uko mlimani mita 2,000 hivi. Ni kufungua chupa ya soda ghafla, mapovu yanaanza ndani ya viungo. Anayebahatika anaumwa mabega na magoti. Asiyebahatika anapooza.

Bibi: Juma futa jina lako.

Juma: Lakini wenyeji wetu hawakuuliza habari za ndege, waliandika tu.

Mjomba Salim: Walipaswa kuuliza, hilo ni kosa lao. Ila mwili ni wako. Na cheti chako kinakuruhusu mita ngapi?

Juma: 18.

Mjomba Salim: Na ukuta?

Juma: ...30.

Mama Mdogo: 🤦🏾‍♀️

Rehema: Mimi nilidhani ameuliza. Juma, wewe!

Juma: Basi jamani. Tukizamia Ijumaa je?

Mjomba Salim: Ijumaa sawa. Mkitoka saa nane mchana, mpaka ndege iruke ni saa 30. Jumamosi eleeni juu juu na snokeli, ule mrija wa kupumulia, msipige mbizi za kushindana.

Rehema: Nimerudi kutoka mapokezi. Majina ya Jumamosi yamefutwa. Ijumaa tumepewa mwamba wa mita 14, mwalimu anasema pale samaki mkunga hutoa kichwa nje.

Juma: Ukuta utanisubiri nikisomea cheti cha pili.

Bibi: Usome kwanza. Na hicho kidole kimesafishwa?

Juma: Naenda Bibi.