Saraka ya watumiaji wa maabara ya chuo: OpenLDAP, FreeIPA au Samba?

Mkulima_wa_Data: Wakuu, heshima kwenu. Chuoni kwetu tuna kompyuta kama 60, nyingi Windows, zilizobaki Ubuntu. Kila mashine ina akaunti zake. Mwanafunzi akihamia nyingine, haingii. Nataka akaunti moja ifanye kazi kote. Hela ya leseni za Windows Server haipo. Nichukue ipi?

mzizi_88: OpenLDAP ni nyepesi na ipo tangu 1998, lakini ni saraka tu, yaani orodha ya akaunti. Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia), vyeti vya usalama, sera za sudo (nani apewe uwezo wa msimamizi kwenye Linux), vyote utaviunganisha mwenyewe. Na Windows haiingii humo moja kwa moja. Kwa maabara yako, hapana.

Binti_Seva: Mimi kazini natumia FreeIPA na naipenda kweli. 389 Directory Server (saraka yenyewe), Kerberos na vyeti vinakuja pamoja. Kwenye mashine unaendesha `ipa-client-install`, unajibu maswali machache, imeisha. Ila ofisi yetu ni Linux tupu. Kwa Windows nyingi sikushauri, haikuundwa kuwa domeni ya Windows, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa kutoka kwenye seva.

Fundi_Pwani: Samba, mkuu. Tangu toleo 4.0 la Desemba 2012 inasimama yenyewe kama domeni ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta). Windows zinajiunga kama kawaida, Ubuntu zinaingia kupitia SSSD (programu ya Linux inayoruhusu kuingia kwa akaunti za seva). Weka seva mbili, na ujue folda ya SYSVOL (yenye sera za domeni) hainakiliwi yenyewe kati ya seva hizo, panga rsync (programu ya kunakili faili). Halafu kagua: hizo Windows ni Pro au Home? Home haijiungi na domeni.

Mkulima_wa_Data: Nashukuru sana. Home zipo chache. Je, umeme ukikatika chumba cha seva?

Fundi_Pwani: Kwenye SSSD weka `cache_credentials = True`; aliyewahi kuingia kwenye mashine hiyo ataingia hata seva ikiwa imezima. Windows nayo hukumbuka. Cha kuogopa zaidi ni saa. Betri ya ubao mama ikifa, saa inarudi nyuma, na Kerberos kwa kawaida haikubali tofauti inayozidi dakika 5. Mwanafunzi ataapa neno lake la siri ni sahihi, na ni kweli. Washa chrony (programu ya kusawazisha saa). DNS (huduma ya kutafuta anwani za kompyuta kwa majina) ya kila kompyuta ielekee seva ya Samba, siyo 8.8.8.8 ya Google, wengi hukwama hapo.

Binti_Seva: Naongeza: jina la domeni lisiishie na .local, Ubuntu zitakusumbua. Tanguliza "ad" mbele ya jina la chuo la intaneti, na uamue kabla ya kusimika, maana kulibadilisha baadaye ni kazi nzito.